Kubali kupitwa: somo la marathoni kutoka Segerea

Saa 10 na nusu alfajiri, Segerea Mwisho huwa na watu wa aina mbili. Wapo makondakta wanaofagia daladala kabla ya tripu ya kwanza ya Kariakoo, na wapo waliovaa bukta na raba, wakinyoosha viungo pembeni ya lami. Hawa wa pili si wanariadha wa kulipwa. Ni makarani, manesi, walimu, mafundi wa majokofu na wenye maduka, watu ambao ifikapo saa 2 asubuhi wanatakiwa wawe kazini wameshaoga na wana nguvu ya kusikiliza shida za wengine. Hakuna anayewalipa kukimbia. Wao ndio wanaolipa: ada ya usajili, nauli ya Moshi au Dodoma, na usingizi.

Kuna wakati mtu mzima aliyeonekana akikimbia barabarani Dar es Salaam alidhaniwa ni askari, bondia au mtu anayekimbizwa. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kila mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ilianza mwaka 2003 na imelea kizazi kizima cha wakimbiaji wa ridhaa. Mwaka 2020 benki nazo ziliingia. NBC ilianzisha mbio zake Dodoma, zinazochangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. CRDB ilianzisha zake Dar es Salaam, na fedha zake zimesaidia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Tangu hapo mbio zimekuwa shughuli ya ofisi, ya kanisa, ya familia na ya marafiki waliosoma pamoja.

Ni jambo la kushangilia, ila lina kasoro moja. Tisheti na medali vinapatikana kwa siku moja, lakini miguu ya kilomita 42.195 haipatikani hivyo. Wengi hujisajili kwanza kwa sababu wenzao wamejisajili, halafu ndipo wanaanza kuuliza mazoezi yanafanywaje. Na kinachomtenganisha anayemaliza akicheka na anayebebwa na gari la wagonjwa ni kitu kisichopendeza kupiga picha: uwezo wa kukimbia polepole kwa miezi minne na kukubali kupitwa.

Kati ya giza na foleni

Segerea haikujengwa ikimfikiria mkimbiaji. Ukingo wa barabara unagombewa na meza za wachuuzi, bodaboda zinazokatisha na mifereji isiyo na mifuniko. Ikifika saa 12 na nusu asubuhi, lami yote ni ya magari. Mkimbiaji ana saa mbili tu za jiji, na ratiba yake yote inazunguka humo.

Njia zinajulikana. Anayetaka mbio fupi huelekea Kimanga na Tabata Bima, kisha hugeuza. Anayetaka vilima hushika Kinyerezi hadi Malamba Mawili na kutokea Mbezi. Mwenye hamu ya urefu hutokea Majumba Sita, akaifuata Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto na Pugu, ambako ardhi huanza kupanda kwelikweli.

Kanuni za usalama nazo hazihitaji kitabu. Kimbia upande wa kulia ili magari yaje uso kwa uso nawe. Vaa rangi inayong'aa. Acha spika za masikioni nyumbani, maana bodaboda inayokuja upande usio wake haipigi honi. Simu ifungwe kiunoni chini ya fulana, kwa kuwa kibaka naye anaijua ratiba. Wanawake wengi hawapendi kutoka peke yao gizani, na hiyo ni sababu mojawapo ya vikundi kuongezeka.

Kukimbia kwa kundi hakukuletwa na mitandao. Mchakamchaka ulikuwa wa shuleni na wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na vikundi vya jogingi vya Temeke, Mbagala na Ilala vimeuendeleza Jumapili hadi Jumapili kwa nyimbo, filimbi na fulana za sare. Vikundi hivi hufanya mengi kuliko kukimbia: huchangiana kwenye misiba na harusi, hutembelea wagonjwa, hufanya usafi mitaani. Lakini mchakamchaka ni wa kilomita chache na mara nyingi huishia kwenye supu. Anayelenga 42 huanzia humo, kisha humlazimu kutafuta wenzake wawili watatu wenye subira ya saa tatu barabarani.

Joto, masika na kalenda

Mazoezi mazito ya anayekwenda Moshi huangukia Desemba, Januari na Februari, miezi ambayo Dar es Salaam inachemka. Anayelenga mbio za Julai na Agosti hukutana na masika: Mto Msimbazi unafura, njia za udongo za Bonyokwa na Segerea ya ndani zinageuka tope, na mbio ndefu ya Jumapili inaahirishwa mpaka mtu anakata tamaa. Faraja yake ni kipupwe cha Juni na Julai, joto la alfajiri linaposhuka karibu na nyuzi 20. Ramadhani inapoingia katikati ya msimu, wanaofunga huhamishia mbio zao jioni kabla tu ya futari, au usiku baada ya tarawehe, na hupunguza urefu.

Wengi hudhani kuamka alfajiri kumemaliza shida ya joto. Kumeipunguza tu. Hewa ya Dar wakati huo huwa imebeba unyevu mwingi kuliko mchana, na kutoka jasho peke yake hakuupozi mwili. Unapoa pale jasho linapokauka. Hewa ikishashiba maji, jasho huchuruzika bure, moyo hupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na mapigo hupanda ilhali mwendo ni ule ule. Ndiyo maana mkimbiaji wa Segerea anayefuata muda wa rafiki yake wa Arusha anajitafutia balaa. Cha kufuata ni pumzi yake mwenyewe.

Mwendo wa soga

Kipimo cha pumzi hakihitaji saa ya bei. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku unakimbia, mwendo ni sahihi. Ukianza kujibu neno moja moja, umezidisha. Makocha wengi hushauri kilomita karibu nne katika kila tano za wiki ziwe za mwendo huo wa soga, hata kama unapitwa na wanafunzi wanaowahi shule.

Sababu iko ndani ya misuli. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kwa watu wengi akiba hiyo inatosha takriban kilomita 30. Ikiisha, miguu huwa mizito ghafla, mawazo hutawanyika na kilomita moja huonekana haina mwisho. Mbio nyingi za polepole huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha mwili kuchoma mafuta, ili wanga udumu. Anayeshindana kila alfajiri huchoka bila kujenga msingi huo.

Ratiba ya mtu wa kazi huwa ya siku nne: mbio mbili fupi katikati ya wiki, moja ya vilima au ya kasi, na moja ndefu Jumapili. Ile ndefu huanzia kilomita 10 au 12, ikaongezwa kidogo kidogo, ikapunguzwa kila baada ya wiki tatu ili mwili upumue, na kufikia 30 au 32 takriban wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Hakuna haja ya kukimbia 42 mazoezini. Wiki mbili au tatu za mwisho ni za kupunguza, na hapo wengi huharibu: wanajisikia wepesi, wanaogopa kwamba wamelegea, wanaongeza.

Hesabu ya siku ya mbio ni rahisi kuiandika na ngumu kuitii. Kumaliza kwa saa 4 na nusu ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Kumaliza kwa saa 5 ni dakika 7 na sekunde 7 hivi. Mtego wa Moshi uko kwenye mpangilio wa njia. Sehemu ya kwanza huelekea barabara ya Dar es Salaam, ambayo haina mlima wa kutisha, na nusu ya pili hupanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka tena mjini. Aliyejimwaga asubuhi kwa sababu ya shangwe hulipa deni lote kule Mweka.

Ikangaa na Simbu

Tanzania ina walimu wawili wa somo hili, na kila mmoja analifundisha kwa njia yake. Juma Ikangaa alipenda kukimbia mbele. Boston mwaka 1988 alishindwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja, 2:08:44 dhidi ya 2:08:43, kisha akamaliza wa pili tena mwaka 1989 na 1990. Katikati ya hayo, Novemba 1989, ujasiri ule ule ulimpa ushindi New York kwa 2:08:01, rekodi mpya ya mbio hizo. Alithubutu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kilomita nyingi za mazoezi ambazo mtazamaji hakuziona.

Alphonce Simbu alifanya kinyume. Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, katika joto na unyevu ambao mtu wa Dar angeujua mara moja, alijihifadhi kwa zaidi ya saa mbili. Hatua za mwisho uwanjani bado alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akampita kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua: sekunde 0.03, pengo dogo kuliko lile la dhahabu na fedha kwenye mita 100 za wanaume katika mashindano hayo hayo. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Wastani wake ulikuwa kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita, kasi ambayo daladala ya Buguruni haiioti saa 12 jioni.

Mkimbiaji wa ridhaa hana akiba ya Ikangaa, kwa hiyo mtindo wa kumfaa ni wa Simbu. Kilomita 30 za kwanza ni za kujizuia, na mbio yenyewe huanzia hapo.

Maji, chumvi na raba

Madafu yana sifa mjini, na ni kweli yana potasiamu nyingi. Lakini chumvi inayotoka zaidi kwenye jasho ni ya sodiamu, na dafu lina kidogo. Ndiyo maana wenye uzoefu hula chumvi kidogo na chakula cha siku ya mbio ndefu, au hubeba maji ya chumvi na sukari ya ORS kutoka duka la dawa. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa huipunguza sodiamu kwenye damu. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston mwaka 2002 waliikuta hali hiyo kwa asilimia 13 yao. Kiu ni mshauri mzuri. Usiipuuze, usiitangulie kwa ndoo.

Chakula si fumbo. Wali, ugali, viazi vitamu na ndizi vinajaza akiba ya wanga kama chochote kinachouzwa kwenye paketi za rangi. Njiani, tende na glukosi hufanya kazi, mradi tumbo limezizoea tangu mazoezini. Siku ya mbio si siku ya majaribio.

Raba nazo wengi huzitafuta kwenye mitumba ya Karume, na si kosa. Kosa ni kununua kwa macho. Bonyeza kwa dole gumba sponji iliyo juu ya soli: ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi ya pembeni, imeshakufa hata kama kitambaa kinang'aa. Geuza utazame kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja, utarithi mwendo wa mtu mwingine pamoja na maumivu ya goti lake.

Wakati wa kuacha

Kila mtu anapochechemea, husimuliwa habari za John Stephen Akhwari. Mexico, Oktoba 1968, alianguka, akaumia goti, akaendelea, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wengine 18 waliojitosa siku hiyo hawakufika. Ni habari inayostahili heshima yote iliyopata. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa kwenye Olimpiki, na kilichomuuma ni goti. Karani wa Segerea anayesikia kifua kinabana, kizunguzungu au baridi ghafla juani hapaswi kumwiga. Huyo asimame, akae kivulini, aite msaada. Aliyevuka miaka 40, mwenye shinikizo la damu au kisukari, aanzie kwa daktari kabla ya kwenda kununua raba. Mbio zitarudi mwakani.

Jiji nalo lina wajibu wake. Mifuniko ya mifereji, taa zinazowaka na ukingo wa barabara usiogeuzwa gulio vingemsaidia mkimbiaji, na zaidi yake vingemsaidia mama anayetembea kwenda sokoni saa 11 alfajiri. Hadi hapo, kila mtu atajipanga na alichonacho. Kwa mbio za mwisho wa Februari, wiki 16 zinahesabiwa kuanzia mwanzoni mwa Novemba. Anayetaka kupita wengine Mweka aanze Novemba hiyo, na akubali kupitwa na kila mtu Kimanga.