Kobe mchanga huhitaji unyevu hata kando ya Ziwa Victoria

MKAZI wa Asembo Bay akiambiwa kwamba kobe mchanga anaweza kufa kwa kukosa unyevu, huenda akacheka. Ziwa Victoria li mlangoni pake na mvua za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei. Hata hivyo, kobe aliyefungiwa ndani ya sanduku chini ya paa la mabati huishi katika hewa kavu mno.

Sababu ni joto. Hewa inapopata joto, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka. Hewa ya alfajiri yenye nyuzijoto 22 na unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzijoto 34 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi takriban asilimia 40. Hivyo ndivyo hali ilivyo chini ya mabati saa nane mchana.

Porini, kobe mchanga hujificha chini ya mafungu ya nyasi na katika vishimo, mahali ambapo udongo huifanya hewa kuwa na unyevu. Akikosa maficho hayo, hupoteza maji kwa kupumua na kupitia ngozi. Macho hudidimia, hamu ya kula hupotea na mkojo wake huwa mzito, mweupe na wenye chembechembe kama mchanga.

Gamba nalo huathirika. Kwa muda mrefu wafugaji waliamini kwamba nundu mgongoni mwa kobe husababishwa na chakula chenye protini nyingi. Lakini utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Vienna, Austria, mwaka wa 2003 ulionyesha vingine. Kobe wachanga wa jamii ya Afrika waliolelewa katika hewa kavu walipata nundu kubwa kuliko wenzao waliolelewa katika unyevu mwingi, huku protini ikiwa na athari ndogo tu.

Kabla ya yote, msomaji afahamu sheria. Kobe ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Biashara yake ya kimataifa pia inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mtoto akimwokota kobe shambani, lililo bora ni kumwacha alipo, na akiwa amejeruhiwa, maafisa wa KWS waarifiwe. Asitupwe ziwani kwa kudhaniwa kuwa ni kasa, kwani kobe wa nchi kavu hawezi kuogelea na atazama.

Kwa mwenye kibali, vifaa si vya gharama. Nusu ya chungu kilichovunjika, kikifunikwa juu ya udongo uliolowanishwa, huwa maficho mema kwa kuwa ufinyanzi hunyonya maji na kuyatoa polepole. Sehemu nyingine ya makao iachwe kavu na yenye joto ili kobe ajichagulie. Unyevu wa asilimia 60 hadi 80 katika maficho unafaa, na kipimaunyevu kitaondoa shaka.

Aidha, kobe mchanga aogeshwe mara kadhaa kwa juma katika maji vuguvugu yasiyofika kidevuni, kwa dakika 15 hadi 20. Ndipo hunywa maji kwa wingi na kutoa taka.

Hata hivyo, unyevu usichanganywe na baridi. Makao yenye majimaji yasiyopata joto wala hewa ya kutosha huleta ugonjwa wa mapafu, nao hujidhihirisha kwa kamasi puani na kupumua kwa shida. Hali kadhalika, kila amshikaye kobe anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa wanyama hao hubeba bakteria aina ya salmonela.

Gamba lililokwisha kufanya nundu halirudi kuwa laini. Linaloweza kuokolewa ni lile litakaloota baadaye, na hilo hutegemea unyevu anaoupata kobe tangu miezi yake ya mwanzo.