Sufu ya kondoo ndani ya gari la kulala: jinsi ya kuzuia joto, baridi na unyevu

Katika karakana za jua kali kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, si jambo geni kuona gari kuukuu likigeuzwa kazi. Lililobeba abiria jana, kesho ni duka, kinyozi au chumba cha kulala cha mfanyabiashara anayezunguka kutoka soko moja hadi jingine. Tatizo la magari haya ni moja: bodi ni chuma kitupu. Mchana ndani huwaka kama tanuri, na usiku matone ya maji huanguka kutoka darini hata kama mvua haijanyesha.

Njia mojawapo ya kupunguza tatizo hilo ni kuweka sufu, yaani manyoya ya kondoo, kati ya bodi na ubao wa ndani. Kazi hii haihitaji mashine kubwa, lakini ikifanywa vibaya huozesha gari, na gari lililozibwa kila upande linaweza kumuua anayelala ndani.

Kwa nini sufu

Chuma hupitisha joto haraka sana. Hewa iliyotulia huipitisha polepole. Nyuzi za sufu zimejikunja, na kati yake hunaswa hewa nyingi isiyosogea. Hewa hiyo ndiyo kinga yenyewe. Ndiyo maana sufu haifai kushindiliwa: ukiibana, unaondoa hewa na kubaki na manyoya tu.

Faida ya pili ni unyevu. Kaunti ya Kakamega hupata mvua ya kati ya milimita 1,280 na 2,214 kwa mwaka, na usiku wa Kabras una ubaridi. Mtu akilala, pumzi yake hutoa mvuke. Mvuke huo ukigusa chuma baridi hugeuka maji, na maji huleta kutu na ukungu. Sufu inaweza kufyonza unyevu unaokaribia thuluthi moja ya uzito wake bila kuonekana imelowa, kisha ikautoa polepole hewa inapokauka. Aidha, sufu haishiki moto upesi, na mara nyingi huzimika yenyewe moto ukiondolewa.

Wakazi wasichanganye sufu na sufi, ile pamba ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito. Sufi hushika moto haraka na haifai kwa kazi hii.

Sufu ya wapi, na kiasi gani

Kondoo wengi wanaofugwa Magharibi ni wa nywele fupi na hawatoi sufu ya kutosha. Sufu hutoka kwa kondoo wa nyanda za juu kama Molo na Nyandarua, kwa mfano Merino na Corriedale.

Kabla ya kununua, pima eneo. Dari yenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.5 ina mita mraba 4.5. Kwa unene wa sentimita 5, itahitaji takriban kilo 4.5 za sufu safi. Sufu ghafi hupoteza sehemu kubwa ya uzito ikioshwa, kwa sababu ya mafuta na uchafu, hivyo nunua kati ya kilo 7 na 9. Ikiwa fedha ni chache, anza na dari, kwa kuwa ndiyo inayopigwa na jua moja kwa moja.

Hatua za kazi

1. Toa viti na vifuniko vyote vya ndani. Kwangua kutu, kisha paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke.

2. Mwagia gari maji kutoka nje huku mtu akitazama ndani. Ziba kila panapovuja kwa silikoni. Sufu huhimili mvuke, lakini haiwezi kutibu paa linalovuja.

3. Pitisha nyaya za umeme kwanza, ndani ya mifereji ya plastiki, na uweke fyuzi karibu na betri. Waya uliochubuka nyuma ya ubao ni hatari usiyoiona.

4. Osha sufu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usiifikiche, kwani nyuzi hushikana na kuwa kama blanketi gumu. Badilisha maji hadi yatoke safi, kisha uianike kivulini hadi ikauke kabisa.

5. Itibu kwa boraksi dhidi ya nondo, ambao mabuu yao hula sufu. Fuata maelekezo ya kifurushi, vaa glavu na uweke dawa mbali na watoto. Ikauke tena kabla ya kuitumia.

6. Funga vipande vya mbao kwenye mbavu za bodi. Chambua sufu kwa mikono ili ijae hewa, iweke kati ya mbao bila kuacha mapengo, na uishikilie kwa kamba au wavu. Funika kwa plaiwudi nyembamba. Usiifunge kwa karatasi ya nailoni pande zote mbili, maana unyevu utakosa pa kutokea.

7. Usizibe matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango. Usiweke sufu karibu na bomba la moshi.

Hewa ni uhai

Gari lililozuiwa baridi vizuri pia huzuia hewa. Acha angalau matundu mawili yasiyofungwa, moja chini na jingine juu, na uyawekee wavu wa mbu.

Jiko la makaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari la kulala, hata likionekana limezimika. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Mtu akionyesha dalili hizo, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na umpeleke hospitali.

Vilevile, kinga hii huchelewesha joto tu. Gari likiachwa juani kutwa, litapata moto. Kivuli cha mti na madirisha yaliyofunguliwa bado vinahitajika, na mtoto asiachwe peke yake ndani.

Sheria na kibali

Mwenye gari anayebadilisha bodi au rangi anapaswa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ili kumbukumbu za gari zirekebishwe. Ijulishe pia kampuni ya bima. Anayetumia gari hilo kwa biashara anahitaji leseni ya biashara ya kaunti.

Kwa wasio na gari, kanuni ni ileile kwenye kibanda cha mabati: ziba panapovuja, acha hewa ipite, kisha weka sufu kavu chini ya paa na uifunike kwa ubao. Joto la mchana litapungua, na kelele za mvua pia.