Mbwa wa Boma Anapozeeka

Leo tunazungumza juu ya mbwa mzee. Najua kuna atakayeuliza, muuguzi na mbwa ni wapi na wapi? Hebu sikiliza kwanza.

Katika maboma mengi ya Kericho na Bomet, mama hutoka asubuhi kuchuma majani chai na watoto hubaki na mbwa. Wanamvuta masikio, wanampanda mgongoni, naye anavumilia. Lakini akifikisha miaka saba au minane, mbwa huanza kuzeeka. Macho huingia ukungu, masikio huziba, viungo huuma, hasa kwetu huku kwenye baridi na mvua. Mtoto akimgusa ghafla akiwa amelala, anaweza kuuma kabla hajajua ni nani. Hapo hana kichaa, ameshtuka tu. Mfundishe mtoto kumwendea kutoka mbele, na amwache akiwa amelala au anakula. Mtandikie gunia kavu mahali pasipovuja. Na tafadhali, usimpe dawa zako za maumivu. Brufeni na diklofenaki huweza kumtoa vidonda tumboni na kumharibu figo.

Sasa nije kwa jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Mbwa mzee akiacha kula na kutokwa na mate mengi, watu husema ni meno ya uzee, au mfupa umemkwama. Baba anamshika, mama anamfungua mdomo, na kidole kinaingia kutafuta mfupa. Huenda ni meno kweli. Lakini kichaa cha mbwa nacho huonekana vivyo hivyo. Wengi wetu tunadhani mbwa mwenye kichaa ni lazima akimbie ovyo akiuma kila kitu. Kuna kichaa cha kimya. Virusi hupooza taya na koo: mdomo unabaki wazi, hawezi kumeza, mate yanatiririka, kubweka kunabadilika, na yeye amejilaza tu pembeni. Virusi vimo ndani ya mate hayo. Na wewe mchumaji unazijua nyufa za vidole vyako. Ufa kama huo ni mlango tosha.

Kwa hivyo usitie mkono mdomoni mwake, hata kama umemlea tangu akiwa mdogo. Ondoa watoto, mfungie mahali bila kumgusa, kisha umwite afisa wa mifugo wa wadi yenu. Yeye ana njia ya kumwangalia salama.

Kuhusu chanjo, mara nyingi nasikia: "Huyu alichanjwa zamani, na sasa amezeeka, ya nini tena?" Chanjo ya kichaa hurudiwa kila mwaka, kuanzia miezi 3 hadi uzeeni. Kadi yake iweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto ili usiisahau. Nchini Kenya ugonjwa huu unajulikana tangu 1912, na mpango wa serikali wa 2014 ulilenga kumaliza vifo vyake ifikapo 2030. Ili hilo liwezekane, angalau mbwa 7 kati ya kila 10 wanahitaji kuchanjwa, na mbwa wako mzee ni mmoja wao.

Je, akimuuma mtoto, au mate yake yakiingia kwenye kidonda? Osha pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Mtu mmoja amwage maji, mwingine aoshe. Usipake pilipili, mafuta wala majivu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama chanjo imekwisha hapo, usirudi nyumbani. Uliza ni hospitali gani iliyo nayo, uende. Siku hizi sindano hudungwa mkononi, na kwa mtoto mdogo pajani. Zile za tumboni zilizowatisha wazee wetu ziliachwa. Mjamzito na anayenyonyesha pia hudungwa. Sindano si moja, kwa hivyo rudi kila tarehe uliyoandikiwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa haraka kama anaweza kufungiwa salama. Afisa wa mifugo humwangalia kwa siku 10, huku mtoto akiendelea na sindano. Akifa ndani ya siku hizo, usimzike wala kumtupa. Mjulishe afisa, na mwambie daktari wa mtoto siku hiyo hiyo.