Wimbo wa Filimbi Uchaguliwe kwa Pumzi, Si kwa Sifa

Mashindano ya shule zetu si mpira peke yake. Katika UMITASHUMTA na UMISSETA kuna kwaya na ngoma pia. Leo tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Mtera, pale bwawa la Mto Ruaha Mkuu linapokutanisha Dodoma na Iringa, ambaye anataka kusimama mbele ya watu peke yake na filimbi yake. Ana mwezi mmoja. Achague wimbo gani wa kukariri?

Wengi huchagua wimbo wenye mbio ili waamuzi washangae. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Katika ngoma, mmoja akisahau wenzake humfunika. Mpiga filimbi wa peke yake akisahau, uwanja mzima unasikia kimya. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka.

Kwanza, apime pumzi yake. Auimbe wimbo kwa mdomo kabla hajaupuliza. Pale anapolazimika kuvuta pumzi katikati ya neno, pale pale filimbi nayo itakatika. Wimbo usio na mahali pa kupumua auache, hata ukiwa mtamu kiasi gani.

Pili, akitazame chombo chake. Filimbi ya mwanzi ina matundu machache, na muziki wa Kigogo una mpangilio wake wa sauti usiolingana sawasawa na kinanda cha kanisani. Wimbo wa kinanda ukilazimishwa kwenye mwanzi utasikika kama umekosewa, kumbe kosa ni la uchaguzi.

Tatu, augawe wimbo. Wimbo wa dakika 2 au 3 unaweza kuwa na vipande vinne, na kila kipande awe na uwezo wa kukianza bila kutanguliza kingine. Aanze kukariri kipande cha mwisho, kisha arudi nyuma. Kwa njia hiyo, kadiri anavyosonga mbele ndivyo anavyoingia mahali anapopajua zaidi. Akipotea jukwaani asirudi mwanzo. Arukie kipande kinachofuata.

Asisahau baridi. Asubuhi za Juni katika uwanda wa kati ni kali, na filimbi iliyopoa hutoa sauti ya chini kidogo. Ikipata joto, sauti hupanda. Basi aipashe joto kwa viganja na pumzi kabla hajaitwa.

Lakini lipo jambo kubwa kuliko ushindi. Hayati Hukwe Zawose, Mgogo aliyevuma duniani kwa zeze na ilimba, alifariki mwaka 1993 ukijumlisha kumi, yaani 2003. Rekodi kama Chibite ya mwaka 1996 zimetuhifadhia sehemu ya kazi yake. Wapo wazee wengi vijijini ambao hawakurekodiwa kamwe, wala nyimbo zao hazina nota. Ghala lao ni vichwa vya watu.

Kwa hiyo, ndugu mzazi na mwalimu, kabla ya kumtafutia mtoto wimbo wa mbali, mpelekeni kwa mzee wa jirani anayejua kupuliza. Mashindano yakiisha, kombe litabaki kabatini kwa mwalimu mkuu. Wimbo utarudi nyumbani na mtoto.