Masika, Chumvi na Baiskeli Zetu

Kila masika yaingiapo, baina ya Machi na Mei, mafundi wa baiskeli wa Unguja na Pemba huelemewa na kazi, na wenye vyombo huilaumu mvua. Mshitakiwa mkubwa lakini ni chumvi. Huko Ulaya, wakati wa baridi kali, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na wapanda baiskeli wa huko hulazimika kuziosha mara wafikapo nyumbani. Sisi chumvi huletewa na upepo wa bahari mwaka mzima. Tena huchuruzika kutoka katika matenga ya samaki, ikaanguka juu ya mnyororo na gurudumu la nyuma. Chuma kilicholowa huota kutu. Kilicholowa maji ya chumvi huliwa upesi zaidi.

Kwa hiyo mchukuzi wa samaki asilale kabla ya kuiosha baiskeli yake kwa maji matamu. (Wako waiteremshao pwani wakaiosha baharini!) Kisha ipanguswe mpaka ikauke, mnyororo usuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, na kila kiungo kipate tone la mafuta ya cherehani, yaliyozidi yafutwe, kwani hushika mchanga. Mafuta ya kupikia hayafai, hugeuka ulimbo. Mafuta ya taa nayo yasifike penye gololi, maana huyeyusha grisi.

Maji yaliyojificha yana hila kuliko yote. Hupenya penye mti wa kiti, yakatuama chini karibu na ekseli ya pedeli, na kutu ikaila fremu kwa ndani pasipo kuonekana. Kiti na king'olewe, baiskeli ipinduliwe, maji yatoke. Kwa ndugu zetu wa Pemba, wenye vilima, raba za breki zitazamwe kila siku ya mvua: mchanga ukinasa humo, raba huwa msasa, ikaimaliza ringi.

Sasa tuseme na wakuu wa idara. Baiskeli aliyokabidhiwa bwana shamba au mhudumu wa afya mara nyingi huegemezwa nje, chini ya mchirizi wa paa la ofisi. Fedha za kuinunua zilitafutwa. Za kopo la grisi hazikutafutwa. Mnyororo ukikatika njiani, mgonjwa wa kijijini ndiye angojaye. Grisi, mafuta na raba za breki ziingizwe katika makisio ya mwaka, banda lijengwe, na anayehesabu mali za ofisi aipindue baiskeli na kuzungusha pedeli kabla ya kuandika kuwa ni nzima.