MBWA WA PADRE RUSSELL

Mbwa wengi husifiwa kwa ukubwa wao. Leo twataka kueleza habari za mbwa mdogo, ambaye kimo chake begani ni sentimeta 25 hadi 30, na uzito wake kilo 5 au 6 hivi. Lakini bwana asiyeifahamu tabia yake humshinda kuliko mbwa mkubwa. Huyu ndiye Jack Russell, mmoja katika mbwa wa Kiingereza waitwao teria. Asili ya jina hilo la teria ni neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa kuwa kazi yao ni kumfuata mnyama ndani ya shimo lake.

Padre John Russell, ambaye watu walimwita Jack, alizaliwa Dartmouth, katika jimbo la Devon, mwaka 1795, akafa mwaka 1883. Husimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi Oxford alikutana na mwuza maziwa aliyefuatana na mbwa jike mweupe, mwenye mabaka machoni na masikioni, na doa moja shinani mwa mkia, kadiri ya sarafu ya peni. Akampenda, akamnunua pale pale. Jina lake Trump, naye ndiye mama wa uzao huo.

Padre yule alipenda mno kuwinda mbweha. Mbwa wakubwa walimkimbiza mbweha, na wawindaji wakafuata juu ya farasi. Mbweha akitumbukia shimoni, mbwa wakubwa hawakuweza kuingia, ndipo teria akatiwa ndani. Wala hakutakiwa kumwua mbweha mle, bali kumbwekea na kumsumbua hata atoke. Sheria ya mwaka 2004 ilikataza kuwinda mbweha kwa makundi ya mbwa katika England na Wales, lakini tabia ya mbwa haikufutwa na sheria.

Mtu akiikumbuka kazi hiyo, ataelewa mambo mengi. Kifua chake ni chembamba, hata mikono miwili ya mtu yaweza kukizunguka, ili apite penye njia nyembamba. Rangi yake ni nyeupe zaidi, ili asidhaniwe kuwa mbweha atokapo. Hubweka sana, maana kwa sauti yake watu wa juu walijua mahali alipo. Tena hushika shauri lake mwenyewe, kwa sababu gizani chini ya ardhi hapakuwa na bwana wa kumwamuru. Wengine humwita mkaidi; sisi twaona ndivyo alivyofanywa na watu.

Basi, kumfunga mnyororo mchana kutwa ni kumharibu. Atachimba, atabweka, na mwisho atauma. Yafaa atembezwe na kukimbizwa kila siku, na afundishwe tangu utoto kuitika aitwapo, kwa kumpa kipande cha nyama atiipo, wala si kwa fimbo. Mwenye kuku na aangalie sana, kwani kila kinachokimbia mbele yake hukiona kuwa windo. Lakini ghalani ni rafiki mwema, maana huua panya upesi. Pale alipo teria pasitegwe sumu ya panya, kwa kuwa akila panya mwenye sumu aweza kufa naye.

Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha, wala vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa. Manyoya yake, yawe laini au ya kukwaruza, yatosha kupigwa brashi mara moja kwa juma. Katika nchi zetu apekuliwe kupe kila siku, hasa masikioni na katikati ya vidole, kwani kupe huleta homa iuayo mbwa. Jicho likigeuka jekundu au kuingia ukungu ghafula, apelekwe kwa daktari wa wanyama siku ile ile, maana teria wana ugonjwa wa kurithi unaoweza kuwapofusha upesi.

Akipata miezi mitatu achanjwe sindano ya kichaa cha mbwa, kisha arudiwe kwa wakati atakaotaja daktari. Mtu akiumwa na mbwa ye yote, hata wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, naye aende hospitali mara moja, asingoje kuona kama mbwa yule ataugua.