Fahamu: Kugombea uwakilishi wadi ukiwa Chaka

Uchaguzi mkuu umepangwa Agosti 10, 2027, na anayetaka kuwakilisha wakazi wa Chaka katika bunge la kaunti ya Nyeri ajue kwanza masharti.

Kifungu cha 193 cha Katiba kinamtaka awe mpiga kura aliyesajiliwa na raia kwa miaka 10 au zaidi. Hana chama? Wapiga kura 500 wa wadi anayogombea wamuunge mkono, naye asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 ada ya uteuzi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa shilingi 5,000; wanawake, vijana na wenye ulemavu walilipa nusu.

Wagombea huteleza kwenye ahadi, kwa kuahidi yasiyo ya kaunti. Soko, taka, mitaro na utalii wa mashinani ni vya kaunti. Barabara kuu ya Nyeri–Nanyuki, inayopita Chaka na kuleta wateja wa vibanda na hoteli, ni ya serikali kuu, sawa na Hifadhi ya Mlima Kenya. Mwakilishi hutunga sheria, hupitisha bajeti na kumkagua gavana. Anayekuahidi lami, muulize: barabara ipi?